Walter Cannon: Mtu Aliyeisikiliza Njaa

Saa nne usiku, maktaba imejaa, mitihani imebaki siku sita na bumu liliisha wiki mbili zilizopita. Kimya kimetanda. Ghafla tumbo la mtu linanguruma na meza nzima inasikia. Mwenye tumbo anafunua kurasa kwa fujo ili kuficha, jirani anajifanya anaandika, halafu wote tunaishia kucheka. Kama hujawahi kuwa mwenye tumbo, basi umewahi kuwa jirani.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Boston nchini Marekani, kulikuwa na mwalimu mmoja wa fiziolojia ambaye hakuicheka sauti hiyo. Aliisikiliza, akaitafutia kipimo, akaiuliza inatoka wapi. Jina lake ni Walter Bradford Cannon. Watu wa saikolojia wanamjua kwa ile habari ya mwili kujiandaa kupigana au kukimbia. Sisi wa ualimu tunamgusa dakika tano darasani, kisha slaidi inayofuata. Mimi nilirudi kumtafuta kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye nitamweleza mwishoni. Kwanza tumjue mzee mwenyewe.

Mtoto wa kando ya mto

Cannon alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1871 katika mji mdogo wa Prairie du Chien, jimbo la Wisconsin, kando ya mto Mississippi. Mji huo ulikuwa na historia yake na tumbo. Miaka 40 hivi kabla hajazaliwa, katika ngome ya jeshi ya hapo, daktari William Beaumont alikuwa akimchunguza kijana aliyeitwa Alexis St. Martin. Kijana huyo alipigwa risasi mwaka 1822, akapona, lakini tundu likabaki ubavuni hadi ndani ya tumbo. Beaumont alikuwa akifunga kipande cha nyama kwenye uzi, anakiingiza kwenye tundu, kisha anakivuta baada ya muda kuona kimeyeyuka kiasi gani. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, mambo ndani ya tumbo yanabadilika. Hayo yalifanyika katika mji uleule ambao Cannon angekuja kuzaliwa.

Utotoni hakuwa na mteremko. Mama yake alifariki Walter akiwa na miaka kama 10. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alipoona kijana hasomi kwa bidii alimtoa shule akiwa na miaka 14 akampeleka kufanya kazi katika ofisi ya reli. Alikaa huko miaka miwili. Siku hizi tungesema ameshaharibikiwa. Lakini ile kazi ilimfundisha kitu, akarudi shule akiwa na njaa ya aina nyingine, na akaimaliza sekondari vizuri mjini St. Paul, Minnesota. Mwalimu wake mmoja wa kike wa hapo ndiye aliyemhimiza aombe nafasi Harvard. Wenzangu wa ualimu, naomba mkae na hilo kidogo: mtoto aliyetolewa shule, mwalimu mmoja akamwona.

Aliingia chuo kikuu cha Harvard mwaka 1892 kwa ufadhili, akajazia kwa vibarua, akamaliza mwaka 1896 kwa daraja la juu kabisa. Mwaka huohuo akaingia shule ya udaktari.

Bata bukini na mionzi

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mwishoni mwa 1895, Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua mionzi ya eksirei kule Ujerumani. Dunia nzima ilikuwa inapiga picha za mifupa ya mikono. Profesa Henry Bowditch wa Harvard alikuwa na wazo tofauti: mionzi hiyo isionyeshe mifupa tu, ionyeshe chakula kikishuka. Kazi hiyo akampa Cannon na mwenzake Albert Moser. Cannon alikuwa mwaka wa kwanza! Sisi mwaka wa kwanza tulikuwa bado tunatafuta ukumbi wa mihadhara uko wapi.

Walianza Desemba 1896 kwa kumtazama mbwa akimeza kifungo. Kisha wakaja kwa bata bukini, kwa sababu shingo yake ndefu inaonyesha vizuri chakula kikisafiri. Chakula cha kawaida hakionekani kwenye eksirei, kwa hiyo walikichanganya na unga wa madini ya bismathi, ambao unazuia mionzi na kuacha kivuli cheusi. Hospitali za leo bado zinatumia njia ya aina hiyo, ingawa madini yanayotumika sasa ni ya bariamu. Ukiwahi kunyweshwa uji mweupe kabla ya picha ya tumbo, umeonja wazo lililoanza na bata.

Baadaye alihamia kwa paka. Hapo ndipo lilipotokea jambo lililobadilisha maisha yake. Alikuwa akitazama mawimbi ya tumbo yakisukuma chakula taratibu. Kila paka alipohangaika au kuogopa, mawimbi yalisimama kabisa. Paka akitulia, yanaanza tena. Mtu mwingine angeona ni usumbufu tu, paka wananiharibia kazi. Cannon aliona ni swali. Kwa nini hofu, ambayo tunadhani ni jambo la moyoni, inazima tumbo?

Kabla hajahitimu alifanya na jambo jingine ambalo sisi wa kitivo cha elimu tunapaswa kulijua. Aliishi chumba kimoja na mwanafunzi wa sheria, akamwona usiku kucha akibishana na wenzake juu ya kesi halisi, macho yamewaka. Yeye huku alikuwa anakariri mihadhara ya saa nyingi. Basi mwaka 1900, akiwa bado mwanafunzi, akaandika makala akipendekeza udaktari nao ufundishwe kwa kutumia kesi za wagonjwa halisi. Walimu wake hawakumwambia anajifanya mjuaji. Baadhi yao waliichukua njia hiyo, na leo imeenea katika vyuo vingi vya udaktari.

Puto tumboni

Mwaka 1901 alimuoa Cornelia James, na wakati wa fungate wawili hao walipanda mlima mmoja huko Montana ambao leo unaitwa Mlima Cannon. Walipata watoto watano, wa kiume mmoja na wa kike wanne. Mwaka 1906 alirithi kiti cha Bowditch na kukikalia hadi 1942.

Sasa turudi kwenye lile tumbo la maktaba. Cannon alihisi kwamba ule mngurumo na yale maumivu ya njaa yanayokuja na kuondoka ni kitu kimoja, yaani tumbo tupu linajikaza. Lakini kuhisi si kuthibitisha. Mwanafunzi wake, A. L. Washburn, alijitolea mwili wake. Kwa wiki kadhaa alijizoeza kukaa na mpira mwembamba uliopita kooni hadi tumboni. Alipozoea, akameza puto dogo lililofungwa mwishoni mwa mpira huo, likajazwa hewa kidogo. Tumbo likijikaza, puto linabanwa, na kalamu ya mashine inachora mstari. Washburn alikuwa na kitufe mkononi. Kila alipoona njaa inauma, alibonyeza, bila kuuona ule mchoro.

Matokeo yalitoka mwaka 1912. Kila mbonyezo ulikwenda pamoja na mkazo wa tumbo. Kwa hiyo Cannon akahitimisha kwamba uchungu wa njaa ni tumbo tupu linalojikaza. Lilikuwa jibu safi, lenye kipimo, na watu wengi wakalikubali.

Aliendelea na ile habari ya paka. Mwaka 1915 alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alionyesha kwamba kiumbe akitishwa, tezi za adrenali zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, na shughuli za tumbo zinasimamishwa. Mwili unasema chakula kitasubiri, kwanza tuokoe roho. Katika miaka ya 1920 yeye na wenzake walionyesha pia kwamba sukari ya damu ikishuka sana, tezi hizohizo zinaitika. Ule mtetemeko na jasho jembamba unalopata ukikaa bila kula mpaka jioni, ndugu yangu, mara nyingi si uchawi wala malaria. Mwili unapiga king'ora.

Mizani

Kutokana na hayo yote alifika kwenye wazo lake kubwa. Mfaransa Claude Bernard alikuwa ameshafundisha kwamba mwili unajitahidi kuweka mazingira yake ya ndani katika hali ileile. Cannon aliuliza unafanyaje hivyo, na mwaka 1926 akaupa mpango huo jina: homiostasisi. Mwaka 1932 akaueleza kwa watu wa kawaida katika kitabu chake kuhusu hekima ya mwili.

Ukitaka kuuelewa, mtazame mama ntilie anayepika wali. Moto ukizidi, anapunguza makaa. Ukififia, anapuliza. Hapimi kwa mashine, lakini jicho lake haliondoki kwenye sufuria. Mwili unafanya hivyo kwa joto, maji, chumvi, sukari. Cannon aliwatoa paka mishipa ya neva inayohusika na marekebisho hayo, na paka waliendelea kuishi vizuri tu ndani ya maabara yenye joto. Walipopelekwa kwenye baridi ndipo walishindwa kujihami. Fundisho lake ni kwamba mizani huioni kazi yake mpaka siku ya shida.

Hakuwa mtu wa maabara tu. Vita Kuu ya Kwanza vilipowafikia Wamarekani, alikwenda Ufaransa mwaka 1917 kuchunguza kwa nini majeruhi walikuwa wanakufa ghafla baada ya kupoteza damu. Mwaka 1935 alifundisha Peking, China. Uhispania ilipoingia vitani mwaka 1936, alisimama hadharani upande wa serikali ya jamhuri na kuchangisha misaada ya tiba, ingawa wapo waliomsema vibaya. Jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mara kadhaa, hakuipata.

Ile mionzi ya ujana ilimdai. Wakati ule hatari yake ilikuwa bado haijajulikana vizuri, na Cannon alikuwa ameungua ngozi tangu siku za bata na paka. Kwa miaka mingi aliteseka na muwasho na vidonda, na mwishowe saratani, ambayo wengi wanaihusisha na mionzi hiyo. Alifariki tarehe 1 Oktoba 1945, akiwa na miaka 73.

Alipokosea, na alipopatia

Hapa ndipo nilipompenda zaidi, kwa sababu jibu lake la 1912 halikuwa kamili. Wapo wagonjwa waliotolewa tumbo lote kwa upasuaji na bado wakaendelea kuona njaa. Kama njaa ni mkazo wa tumbo, huyo asiye na tumbo anaumwa na nini?

Mwaka 1940, Cannon akiwa hai bado, watafiti Hetherington na Ranson huko Chicago waliharibu sehemu ndogo sana ya ubongo wa panya, chini kabisa, panapoitwa haipothalamasi. Panya wakanenepa kupita kiasi. Tumbo lao halikuguswa. Mama ntilie, kumbe, yuko kichwani.

Lakini anajuaje sufuria ina nini? Jibu lilichukua miaka mingine 54. Kulikuwa na panya wa maabara waliozaliwa wakila bila kushiba, na mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman, New York, iligundua kwamba wamekosa protini moja ambayo hutengenezwa na mafuta ya mwilini. Ikaitwa leptini. Protini hiyo inasafiri kwenye damu hadi haipothalamasi na kutoa taarifa ya akiba: mafuta yapo ya kutosha, au yanapungua. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini inayofanya kazi. Walikuwa na uzito mkubwa mno na njaa isiyokatika. Baadaye tiba ya sindano za leptini ilipotolewa, njaa ilitulia. Wale watoto hawakuwa walafi. Taarifa ilikuwa haifiki.

Ndani ya haipothalamasi kwenyewe kuna mvutano. Kundi moja la seli linatengeneza protini iitwayo POMC, ambayo hukatwa vipande, na kipande kimoja kinakwenda kukaa kwenye kipokezi kiitwacho MC4R. Kikikaa hapo, ujumbe ni mmoja: inatosha, acha kula. Kundi la pili linatoa protini iitwayo AgRP, ambayo inawahi kiti hichohicho na kukizuia. Ni kama siti moja ya daladala na abiria wawili wanaoigombea. Ukiwa na akiba, leptini inalisukuma kundi la kwanza na kulituliza la pili. Ukikaa na njaa, leptini inashuka, AgRP inatawala siti, na huku hamu ya chakula ikipanda mwili unaanza kubana matumizi. Unasikia baridi, unachoka, akili inazungukia chakula tu. Unasoma ukurasa uleule mara nne. Watu wanaorithi kasoro kwenye MC4R wanaweza kuwa na njaa kali tangu utotoni bila kosa lao lolote.

Na sasa sikia hili. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua homoni nyingine, grelini, ambayo hupanda kabla ya mlo na kuiambia haipothalamasi kwamba muda wa kula umefika. Inatoka wapi kwa wingi? Tumboni. Kwa hiyo mzee Cannon alikuwa amesikiliza mlango sahihi, ila alidhani anayebisha ndiye mwenye nyumba. Tumbo linapeleka habari, mafuta yanapeleka habari, na ubongo ndio unaoamua. Nadhani mwenyewe angefurahi, maana huo mzunguko wa taarifa na marekebisho ni ile homiostasisi yake.

Yule wa kidato cha pili

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha. Nilipewa vipindi viwili vya mwisho, saa saba hivi mchana. Kulikuwa na kijana wa benchi la nyuma ambaye kila siku alilaza kichwa mezani. Siku ya tatu nilimsimamisha mbele ya wenzake. Nilimwambia uvivu haujamfikisha mtu popote, na darasa likacheka. Alisimama kipindi kizima, jasho jembamba usoni, mikono inatetemeka kidogo. Nilijua ni woga. Nikajiona mwalimu.

Wiki iliyofuata mwenzake alinieleza kwamba jamaa anatoka nyumbani alfajiri kwa mguu, na chakula chake ni kimoja, cha usiku. Sikuwa na la kusema. Nilimwita pembeni nikamwomba radhi, akaitikia shikamoo yake na kuondoka, kwa sababu wanafunzi hawajazoea mwalimu anayeomba radhi.

Baadaye, nikisoma habari za Cannon, niliona nilichokuwa nimekifanya. Mtoto alikuja na king'ora kimoja tayari kimelia, cha njaa. Mimi nikampigia cha pili, cha hofu. Na kama siku ile mtu angempa chapati papo hapo, huenda isingepita, kwa sababu mtu mwenye hofu tumbo lake linasimama, kama la wale paka.

Sisemi kila anayelala darasani ana njaa. Wapo wanaolala kwa sababu tunafundisha vibaya, nami nimo. Wala sisemi kwamba bidii haina maana. Cannon mwenyewe alitoka ofisi ya reli. Ninachosema ni kwamba tuna tabia ya kuisoma njaa kama tabia. Mnene tunamwita hajizuii, mwembamba tunamwita anajinyima ili apendeze, anayesinzia tunamwita mvivu, na anayeomba kukopeshwa hela ya wali maharage wiki ya mwisho ya semesta tunamwita hana mipango. Tunasema hayo kwenye vimbweta, kwa mizaha, na kesho kutwa tutayasema mbele ya watoto 60 tukiwa na chaki mkononi.

Washburn alikaa na mpira kooni wiki nyingi ili njaa ipate kuaminiwa. Sisi tunaombwa kidogo tu. Mwezi wa saba nakwenda mazoezi ya kufundisha ya mwisho, na nimeshaamua. Nikimwona mtoto kalaza kichwa, kabla ya swali la somo nitamsogelea taratibu nimuulize: mwanangu, leo umekula?